Bahasha za Vita katika Sanduku la Bati: Stempu na Barua za Kale Nyanza ya Kusini

Katika maboma mengi ya Migori na Homa Bay, kuanzia Karungu na Muhuru hadi Mbita na Kendu Bay, hupatikana sanduku la bati ambalo halifunguliwi ovyo. Ndani yake hutiwa vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi, picha mbili tatu zilizofifia, na pengine bahasha chache zilizofungwa kwa uzi. Siku moja mjukuu husikia mjini kwamba stempu za kale zina bei. Hurudi nyumbani, akatwaa makasi, akakata pembe ya juu ya kulia ya kila bahasha, kisha karatasi iliyosalia ikawashiwa moto wa jikoni. Stempu anayoipeleka sokoni aghalabu ilichapishwa kwa mamilioni na haimpi hata nauli ya kurudia. Alichokichoma ndicho kilichokuwa adimu.

Makala haya yanalenga kueleza namna stempu na bahasha za wakati wa vita zinavyosomwa, kwa kuzingatia eneo lililojulikana zamani kama Kavirondo ya Kusini na baadaye Nyanza ya Kusini. Wapo watakaouliza uraibu wa kukusanya stempu unahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili. Jibu limo ndani ya bahasha hizo: nyingi kati ya barua walizoandika askari wa Afrika Mashariki ziliandikwa kwa Kiswahili, na watu ambao majina yao hayamo katika historia yoyote ya fasihi wala ya isimu.

Kwanza ni muhimu kupambanua istilahi. Stempu ni kile kipande cha karatasi chenye gundi kinachothibitisha kuwa ada ya posta imelipwa. Muhuri ni alama ya wino inayogongwa na karani ili stempu isitumike tena, nayo hubeba jina la posta na tarehe. Bahasha iliyosafiri ni ile yenye vyote hivyo pamoja na anwani na alama nyinginezo zilizogongwa njiani. Mkusanyaji wa stempu huridhika na kipande cha kwanza. Mkusanyaji wa historia ya posta hutaka bahasha nzima, kwa kuwa stempu peke yake humwambia tu kwamba barua ililipiwa, ilhali bahasha humweleza ilitoka wapi, lini, kupitia mikono ya nani, na ni nani aliyeifungua kabla ya mwenyewe.

Wakusanyaji wa vita wamejaa duniani kote. Vita vya Vietnam, kwa mfano, vimeacha shehena kubwa. Serikali ya Hanoi ilitoa stempu mwaka 1965 kuadhimisha kuangushwa kwa ndege ya 500 ya Marekani, na idadi hiyo ikawa inapandishwa katika stempu zilizofuata kadiri vita vilivyoendelea. Kabla ya hapo, wakati wa kupigana na Ufaransa, wapiganaji wa Vietnam walikuwa wametoa stempu za kiserikali ambazo thamani yake haikuandikwa kwa fedha bali kwa kilo za mpunga. Msomaji wa Nyanza asicheke haraka. Mwaka 1895, stempu za kwanza za Uganda, zilizopigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar huko Mengo, zilikadiriwa thamani kwa simbi, yaani kauri zile zile zilizotumiwa sokoni. Na wakati huo mwambao wa ziwa ambao leo ni Homa Bay na Migori ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza mwaka 1902 tu.

Jambo hilo la mipaka na majina ndilo kikwazo cha kwanza kwa mtafiti. Anayetafuta neno «Migori» katika mihuri ya zamani atachoka bure. Makao ya utawala wa Waingereza katika sehemu hii yalikuwa Karungu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakahamishiwa Kisii, na kwa miaka mingi wilaya nzima, ya Waluo, Waabasuba, Wakuria na Wagusii, iliitwa Kavirondo ya Kusini. Homa Bay ilikuwa bandari ya ziwa kabla ya kuwa makao ya wilaya. Migori ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1992, na kaunti zote mbili zikaanza kazi mwaka 2013. Stempu zenyewe nazo zilibadilika majina: Himaya za Afrika Mashariki na Uganda tangu 1903, Kenya na Uganda tangu 1922, na Kenya, Uganda na Tanganyika tangu 1935. Baada ya hatua hiyo ya mwisho, Mkuria wa Tarime na nduguye wa upande wa Kenya walinunua stempu ya aina moja, yenye kichwa cha mfalme mmoja. Ni muhuri tu unaoweza kumjulisha mtafiti barua ilitumwa kutoka upande gani wa mpaka.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliufikia ukanda huu mapema mno. Mwezi Septemba 1914, wiki chache baada ya vita kutangazwa huko Ulaya, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini na kuingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo kukawa na mapigano makali yaliyowafanya wavamizi warudi nyuma. Karungu nayo iliguswa na uvamizi huo. Baada ya mapigano wenyeji walipora maduka na ofisi zilizoachwa tupu, na serikali ya kikoloni ilipojizatiti tena ikawaadhibu kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Ziwani, meli za reli zilizozoea kubeba pamba, abiria na mifuko ya barua, Winifred na Kavirondo miongoni mwazo, zilifungwa mizinga. Sybil, mojawapo ya meli hizo, iligonga mwamba Novemba 1914 upande wa Majita na ikaokolewa baadaye. Kwa hiyo bahasha yoyote ya Kisii au Karungu ya Septemba hadi Desemba 1914 inastahili kushikwa kwa vidole viwili. Tarehe ya muhuri ndiyo inayoipa uzito, si rangi ya stempu. Stempu yenyewe ni ile ile ya Mfalme George wa Tano iliyouzwa kabla ya vita na wakati wa vita.

Upande wa pili wa mpaka hali ilikuwa nyingine kabisa, na hapo ndipo wakusanyaji wa dunia nzima hukimbilia. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa na picha ya Hohenzollern, merikebu ya anasa ya Kaiza. Waingereza walipoizingira pwani, stempu zikaanza kuadimika, na mara nyingine ada ikalipwa kwa fedha taslimu, karani akaandika juu ya bahasha kiasi kilichopokewa. Kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Wuga, katika milima ya Usambara, kikachapisha stempu za dharura mwaka 1916. Stempu hizo hazikuhitajika kama ilivyotarajiwa, kwani meli ya Marie ilifaulu kupenya hadi ghuba ya Sudi mwaka huo huo ikiwa na shehena ya mahitaji. Zilifukiwa ardhini zisitekwe na adui, zikafukuliwa baada ya vita, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu. Leo huitwa stempu za Wuga, na huuzwa kwa bei ambayo misheni hiyo isingeiota.

Kisha likaja gharika la majeshi, kila jeshi na stempu yake. Kisiwa cha Mafia kilitekwa na Waingereza Januari 1915, na stempu za Kijerumani zilizokutwa huko zikagongwa jina la kisiwa pamoja na herufi za Mfalme George. Askari kutoka India walitumia stempu za kwao zenye herufi I.E.F. Wabelgiji waliotoka Kongo walizigonga stempu zao maneno ya kutangaza kwamba wanaikalia Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wareno walipochukua pembetatu ya Kionga kando ya mto Ruvuma mwaka 1916, nao wakagonga neno «Kionga» juu ya stempu za Lourenço Marques. Kikosi cha Nyasaland kilikuwa na herufi N.F. Hatimaye, mwaka 1917, stempu za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, zile zile zilizouzwa Kisumu na Kisii, zikagongwa herufi G.E.A. kwa matumizi ya nchi iliyotekwa. Katika orodha hiyo yote, G.E.A. ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Zile za Mafia ndizo hughushiwa zaidi. Kugonga herufi chache juu ya stempu halisi si kazi ngumu kwa mhalifu mwenye mashine ndogo ya chapa, na mnunuzi asiyeomba cheti cha mtaalamu hujitakia hasara.

Kuna kimya kikubwa katika bahasha za vita hivyo. Nyanza ilitoa maelfu kwa maelfu ya wapagazi kwa kikosi cha wabeba mizigo, kile ambacho jina lake la Kiingereza lilizaa Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wengi hawakujua kusoma, na hata shule zilikuwa bado changa: misheni ya Waadventista ilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, ikianzishwa na Arthur Carscallen akiandamana na Peter Nyambo, mwalimu kutoka Nyasaland. Kizazi kilichosomea hapo na katika misheni nyingine kilikuwa bado kidogo wakati wapagazi walipochukuliwa. Kwa hivyo, mkusanyaji akiwa na albamu iliyojaa G.E.A. na Mafia, anazo barua za maafisa, walowezi na wafanyabiashara. Mtu aliyebeba sanduku la barua hizo kichwani hana hata bahasha moja humo.

Hali iligeuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Kufikia 1939 shule za misheni zilikuwa zimetoa makarani, walimu na matabibu wasaidizi, na jeshi lenyewe likawa linafundisha askari kusoma. Wakuria waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles. Waluo waliingia humo na katika vikosi vya ufundi, ishara, udereva na mizinga. Walikwenda Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska 1942, Ceylon 1943, kisha Burma 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kwa mara ya kwanza barua zilisafiri pande zote mbili, kutoka kambini hadi bomani na kutoka bomani hadi kambini.

Stempu za kipindi hiki zina mambo yake ya kupendeza. Zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zilichapishwa London, na meli zilipokuwa zikizamishwa baharini, shehena zilichelewa. Ili posta isisimame, stempu za Afrika Kusini ziliagizwa mwaka 1941 na 1942, zikagongwa majina ya nchi tatu na thamani mpya: senti 5 juu ya peni 1, senti 10 juu ya peni 3, senti 20 juu ya peni 6, na senti 70 juu ya shilingi 1. Aidha, kiwanda cha De La Rue huko London kilipigwa mabomu usiku wa tarehe 29 Desemba 1940. Mkusanyaji wa stempu za Mfalme George wa Sita hujikuta akihesabu matundu ya ukingoni kwa kipimo maalumu, kwani stempu mbili zinazofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa matundu hayo, na bei zao zikatofautiana mara kumi.

Watu wa ziwani wana stempu yao hasa. Stempu za senti 5 na senti 50 zilionyesha jahazi likisafiri katika Ziwa Viktoria. Katika chapa za awali kamba ya kushoto haikuligusa tanga. Kosa lilipogunduliwa, bamba likarekebishwa na kamba ikaunganishwa. Wavuvi wa Mbita wangeliliona kosa hilo mara moja. Ulaya ilibidi wataalamu watumie kioo cha kukuzia, na kwa sababu hiyo stempu ya tanga lisiloshikwa hutafutwa sana, hasa ile ya Mfalme George wa Sita.

Njia iliyofuatwa na barua nayo huacha alama. Tangu Italia iingie vitani Juni 1940, anga ya Mediterania ilifungwa kwa ndege za abiria na barua. Ndege za majini za Waingereza, zilizotua juu ya maji, zikawa zinaruka kutoka Durban hadi Cairo, India na Australia kwa njia iliyopinda kama kwato ya farasi, zikituama Kisumu. Barua ya kutoka Uingereza kwenda Afrika Mashariki iliweza kuzunguka Rasi kwa meli hadi Durban, kisha ikapandishwa ndege kuja ziwani. Bahasha yenye mihuri ya miji mitatu au minne nyuma yake si uchafu wa kufutwa. Ndiyo ramani ya safari hiyo.

Bahasha ya askari yenyewe mara nyingi haina stempu kabisa. Badala yake huwa na muhuri wa posta ya jeshi wenye nambari pasipo jina la mahali, ili adui asijue kikosi kiko wapi. Huweza pia kuwa na alama ya afisa aliyeikagua, au ukanda wa karatasi uliobandikwa ubavuni ilipofunguliwa na idara ya ukaguzi. Mjukuu mwenye makasi huona bahasha isiyo na stempu akaitupa kwanza. Ni hapo anapopoteza iliyo bora. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya wanamizinga wa Afrika Mashariki. Barua iliyogongwa muhuri Mombasa siku chache kabla ya safari hiyo huenda ndiyo kauli ya mwisho ambayo boma lilipata, na kwa boma lisilo na kaburi, karatasi hiyo ndiyo kaburi.

Anwani nayo ni somo. Kenya haikuwa na desturi ya karani kupeleka barua hadi mlangoni. Mtu alikuwa na sanduku la posta au alitegemea la mwingine. Askari aliyetaka kumwandikia mama yake aliielekeza barua kwa misheni, kwa mwalimu, kwa mwenye duka la Kihindi au kwa chifu, akatanguliza maneno «kwa mkono wa». Kutokana na maneno hayo matatu, mtafiti anaweza kuchora mtandao mzima wa watu waliosomeana barua katika lokesheni. Pia atatambua kwamba barua hazikuwa siri: afisa aliisoma kambini, mwalimu akaisoma bomani kwa sauti mbele ya wazee, na mwandishi alijua hayo yote alipokuwa akichagua maneno. Anayezisoma leo kama shajara ya moyo wa mtu atapotoka.

Ama lugha ya barua zenyewe, hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kukaza macho. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Unguja. Jeshini, hata hivyo, kulikuwa na Kiswahili kingine, KiKAR, ambacho Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichunguza katika makala yao ya mwaka 2004. Upatanisho wa ngeli ulipunguzwa, amri zikawa fupi, na maneno ya Kiingereza ya silaha na vyeo yakaswahilishwa. Mjaluo aliyejifunza Kiswahili kwa mwalimu wa misheni, akakisikia kwa sajini wa kabila jingine, kisha akasoma magazeti ya askari yaliyohaririwa kwa Kiswahili sanifu, aliandika lugha yenye tabaka tatu katika sentensi moja. Salamu zake zilifuata utaratibu wa barua za pwani, ngeli zake zikafuata kambi, na mambo ya ng'ombe, mahari na mashamba akayaandika kwa maneno ya Kijaluo pale Kiswahili kilipomwishia. Ushahidi wa aina hii hauwezi kupatikana katika sarufi za wakati huo, kwani waandishi wa sarufi walikuwa wakiusahihisha.

Ni dhahiri basi kwa nini mchuuzi wa stempu anayepita vijijini si lazima awe adui, lakini si wa kukabidhiwa sanduku zima. Hununua kwa uzito, akatenganisha bahasha na barua, akauza bahasha ng'ambo na kuiacha barua. Mara vitu hivyo viwili vinapoachana, hakuna awezaye kuvioanisha tena: bahasha imebeba tarehe na jina, barua imebeba maneno.

Mwanafunzi atakayeonyeshwa sanduku la namna hiyo aanze kwa kuomba ruhusa ya wenye boma, hasa mjane au mwana mkubwa, na akubali kukataliwa. Asiloweshe stempu, asibandike utepe wa plastiki wenye gundi, asinyooshe karatasi kwa pasi. Kando ya ziwa adui wawili ni unyevu na mchwa. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni na bahasha zitiwe katika karatasi safi, si katika mfuko wa nailoni unaozuia hewa. Apige picha mbele na nyuma ya bahasha, hata kama nyuma inaonekana tupu. Kisha anakili barua kama ilivyo: penye «mtu yangu» asiandike «mtu wangu», penye herufi iliyorukwa aache nafasi yake, na pasiposomeka atie alama ya kuuliza. Nakala moja ibaki bomani, nyingine ipelekwe idarani, na pakipatikana ridhaa, ya tatu iwekwe katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Barua zenyewe zirudishwe sandukuni, kwa mpangilio ule ule na kwa uzi ule ule.